Usisubiri Joto: Mwongozo wa Mama Mtu Mzima kwa Mwanzo wa Majira ya Machipuko

Wanawake wengi wa rika langu huanza kutoka nje miti ikishajaa majani na hewa ikishakuwa ya joto. Nawaelewa, lakini nawasikitikia, kwa kuwa wakati huo mazuri mengi yameshapita. Raha za mwanzo wa machipuko huja mapema, baridi ikingalipo, na nyingine hazidumu hata wiki mbili. Anayesubiri joto hazikuti.

Nina miaka 72. Nilikuwa muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya kwa zamu za usiku. Nikitoka wodini asubuhi nafika nyumbani, nashusha mapazia, nalala, na Machi nzima inapita nje ya mapazia yale. Tangu nilipostaafu asubuhi zimekuwa zangu, na nazithamini mno. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafanya kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Aprili. Nazungumzia nchi zenye misimu minne, upande wa kaskazini wa dunia. Aliye upande wa kusini machipuko yake huanza Septemba, kwa hiyo asogeze mambo miezi sita, na nikitaja ukuta wa kusini yeye aende kwenye ukuta wa kaskazini.

Fuata mwanga kwanza

Joto huchelewa, lakini mwanga haucheleweshwi na kitu. Karibu na tarehe 20 Machi mchana na usiku hukaribia kulingana, na hizo ndizo wiki ambazo siku hurefuka kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwenye latitudo ya 50, ilipo Prague, mchana huongezeka karibu dakika nne kila siku, yaani karibu nusu saa kwa wiki. Kwenye latitudo ya 60, waliko watu wa Oslo na Helsinki, ongezeko hukaribia dakika sita kwa siku. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe hapa ni usiku.

Toka nje ndani ya saa moja au mbili baada ya kuamka, ukae huko nusu saa, hata kukiwa na mawingu. Taa za sebuleni kwa kawaida hutoa lux 100 hadi 300 hivi (lux ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Nje, siku ya mawingu, kipimo hupita 1,000 kwa urahisi na mara nyingi hufika maelfu kadhaa. Kwetu sisi jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyosonga na kupitisha mwanga kidogo, hasa ule wa buluu ambao ubongo huutumia kupanga saa ya mwili. Hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya mama anayeshinda ndani asinzie saa kumi na mbili jioni na awe macho saa tisa usiku. Nimeishi miaka mingi na saa ya mwili iliyovurugwa na zamu, kwa hiyo naliomba hili kwa moyo wote: mpe mwili wako asubuhi. Usilitazame jua lenyewe. Mwanga wa anga unatosha.

Kisha tafuta ukuta. Mwezi Machi jua bado liko chini, na jua la chini hupiga ukuta uliosimama kwa nguvu kuliko linavyopiga ardhi. Ukuta unaotazama kusini, uliokingwa na upepo, hukupa joto wiki kadhaa kabla ya hewa yenyewe kupata joto. Weka kiti hapo kati ya saa tano na saa nane mchana. Weka na mto, kwa maana ubaridi mwingi huingilia kwenye kiti. Fungua vifungo vya koti shingoni, egemea, funga macho. Kipimajoto kinaweza kusema nyuzi 7 huku mashavu yako yamepata moto. Kama huna ua, tafuta benchi la bustani ya umma lenye ukuta nyuma yake, au ukuta wa kibaraza cha ghorofani. Mimi ningemshauri mtu aache mengine yote kwenye mwongozo huu kabla ya kuacha ukuta.

Kwenye nchi zinazobadilisha saa, mishale husogezwa mbele saa moja. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi, Marekani Jumapili ya pili. Siku nne kabla, lala na uamke robo saa mapema kuliko jana yake. Ukifanya hivyo, Jumatatu haitakuuma.

Itayarishe miguu iliyolala

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uuguzi ulinifunza kuogopa kuanguka kuliko magonjwa mengi yenye majina makubwa. Nimewahudumia kina mama wengi waliovunjika nyonga. Wachache sana walianguka mlimani. Wengi waliteleza bafuni, au waligeuka haraka kwenda kuitikia simu, na mapaja hayakuwa na nguvu ya kuwakamata. Majira ya baridi tunakaa sana, na mapaja ndiyo hulipa. Kwa hiyo usianze machipuko kwa matembezi marefu. Anza na kiti.

Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Kaa mbele kidogo, miguu sambamba na mabega, mikono ikumbatie kifua. Inuka ukitoa pumzi, simama wima kabisa, kisha keti taratibu. Kule kuketi taratibu ndiko kunakojenga, hivyo usijiachie ukadondoka. Ukiweza mara tano, fanya tano. Ongeza moja moja hadi kumi. Ikiwa bado unahitaji mikono, itumie, na kila siku itumie kidogo kuliko jana.

Kisha simama kwa mguu mmoja kando ya sinki la jikoni, kidole kikigusa ukingo. Sekunde kumi kila upande. Mimi hufanya hivi nikisubiri maji ya chai yachemke, kwani zoezi lenye mahali pake halisahauliki. Ukiizoea, ondoa kidole lakini mkono ubaki karibu. La tatu ni kutembea ukumbini kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, ukuta ukiwa upande mmoja, kwenda na kurudi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na mazoezi yanayochanganya mizani na nguvu siku tatu au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa mara tano tu. Lakini angalia jinsi mizani ilivyopewa siku zake yenyewe. Watu hutembea sana wakadhani wamemaliza, na mizani wakaiacha.

Matembezi yenyewe yaanze na dakika 15 na uongeze tano kila wiki. Kasi inayofaa hupimwa kwa mdomo: uweze kuzungumza, lakini kuimba kukushinde. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi inayokatika ni vya daktari siku hiyohiyo, na maumivu ya kifua yasiyotulia ni ya kuita gari la wagonjwa. Kama unatumia dawa za presha, ukiamka keti kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha vifundo vya miguu, ndipo usimame.

Fimbo mbili za kutembelea nazipenda sana, na ningependa wanawake wasizionee haya. Ziweke kimo ambacho, ukizishika zikigusa ardhi, kiwiko kinajikunja kama pembe ya meza. Zinasaidia magoti kwenye mteremko, na zinaipa mikono na mgongo kazi. Kuhusu barafu, fahamu kwamba wakati huu wa mwaka ni wa hila: theluji huyeyuka mchana, maji yakatiririka njiani, usiku yakaganda yakawa barafu nyembamba usiyoiona. Mahali penye hali hiyo, mwanga wa asubuhi uchukue mlangoni au kwenye kibaraza, na matembezi uyaache hadi saa nne au saa tano. Ukilazimika kupita, piga hatua fupi, unyayo wote chini, mikono nje ya mifuko.

Nguo ni tabaka tatu: ya ndani isiyoshika jasho, ya katikati ya sufu, ya juu ya kuzuia upepo. Beba maji na uyanywe hata kama koo halidai, kwa kuwa umri hupunguza kiu hata pale mwili unapohitaji maji.

Chagua vichache, uvitembelee kila siku

Matembezi ya machipuko yana siri moja. Usibadilishe njia. Pita palepale kila siku, na chagua vitu vitano au sita utakavyovisalimia: mti mmoja, kichaka kimoja, kipande cha nyasi, shimo la maji, kona yenye maua. Mtu anayezunguka huku na huku huona machipuko kama picha moja. Wewe unayerudi palepale utaona chipukizi la Jumatatu limekuwaje Alhamisi, na hapo ndipo raha ilipo.

Maua ya kwanza yenyewe hayasubiri joto. Galanthusi, yale maua madogo meupe yanayoinamisha kichwa, hutoka hata theluji ikiwa bado chini. Krokasi, maua mafupi yenye umbo la kikombe, hufuata, kisha nargisi, yale yenye tarumbeta katikati. Yote haya yana tunguu au kiazi chini ya udongo, na chakula kilichomo kiliwekwa mwaka uliopita. Hayahitaji kungoja majani yafanye kazi kwanza. Yale ya porini yana haraka nyingine zaidi: chini ya miti mikubwa mwanga upo mwingi sasa tu, kabla majani ya juu hayajafunga anga. Wiki chache, kisha kivuli. Ukilielewa hilo, hutasema tena utatoka wiki ijayo.

Galanthusi ina madoa ya kijani kwenye petali za ndani, na kwa kuwa imeinama, wengi hawajawahi kuyaona. Beba kioo kidogo cha mkobani. Kiingize chini ya ua, uso wa kioo juu, utaona ndani yake bila kupiga magoti kwenye tope. Krokasi itembelee mchana jua likiwaka, maana hufunguka kwa joto na mwanga na hujifunga kukiwa na baridi. Asubuhi na mapema utazikuta kama mikono iliyofumbwa.

Ukiwa na galanthusi zilizosongamana, huu ndio wakati wa kuzigawa: maua yakishapita lakini majani bado ya kijani, chimbua fungu, tenganisha, panda mara moja kwa kina kilekile. Majani ya nargisi usiyakate wala kuyafunga fundo hata yakionekana mabaya. Yaache angalau wiki sita baada ya maua, ndiyo yanayolisha tunguu la mwakani. Na matunguu ya nargisi yasikae jikoni kamwe. Yanafanana na vitunguu na yana sumu.

Kwenye krokasi utakutana na nyuki wakubwa wenye manyoya, wanaovuma kwa sauti nzito. Simama umwangalie mmoja. Katika nyuki hawa ni malkia pekee wanaovuka majira ya baridi, kila mmoja peke yake ndani ya udongo, na mwanzo wa machipuko huamka kutafuta chakula na mahali pa kuanzisha kundi jipya. Kwa hiyo wote unaowaona siku za kwanza ni majike, na kila mmoja ni malkia. Hutetemesha misuli ya mabawa hadi mwili upite nyuzi 30 ndipo waruke, na ndiyo maana huweza kufanya kazi kwenye baridi inayowazuia nyuki wengine. Ukimkuta mmoja ametulia chini hawezi kuruka, msogeze kwa jani hadi kwenye ua. Kama hakuna ua karibu, tone la maji yaliyochanganywa na sukari nyeupe nusu kwa nusu litamsaidia. Asali usimpe, inaweza kubeba maradhi ya nyuki wengine.

Wanaosumbuliwa na chavua wasikate tamaa. Baadhi ya miti hutoa chavua mapema sana, kabla ya majani, hivyo mafua ya Machi yanayokuja na macho kuwasha yanaweza kuwa mzio. Toka baada ya mvua, vaa miwani, badilisha nguo ukirudi, suuza uso. Zungumza na mfamasia mapema, na umtajie dawa zako zote, kwa maana baadhi ya vidonge vya zamani vya mzio huleta usingizi na kupoteza mizani kwa watu wa umri wetu.

Yote uyaonayo yaandike. Daftari dogo na penseli, kwa sababu wino wa kalamu hugoma kwenye baridi. Tarehe, hali ya hewa, kitu kimoja. Mstari mmoja unatosha: "Machi 9, upepo, krokasi ya kwanza kando ya lango." Mwaka wa pili daftari linaanza kuzungumza nawe, na mwaka wa tatu utakuwa unasubiri tarehe zako kama sikukuu. Una wenzako wa heshima katika kazi hii. Robert Marsham wa Norfolk, Uingereza, alianza kuandika dalili za machipuko mwaka 1736, na familia yake ikaendelea kizazi baada ya kizazi hadi 1958. Huko Kyoto kumbukumbu za kuchanua kwa micheri, ile miti ya maua ya waridi hafifu, zinarudi nyuma hadi mwaka 812, na kwa kuzilinganisha wataalamu wameona kwamba miongo ya karibuni micheri huchanua mapema kuliko zamani. Waliandika mistari mifupi tu, siku baada ya siku.

Masikio yako na ndege

Ndege huanza kuimba hadi saa nzima kabla jua halijachomoza, na wimbo wao huzidi kunoga kuanzia Machi. Wengi wanaoimba ni madume, wakidai eneo na kuita majike. Huko Ulaya wa kwanza mara nyingi ni robini mwenye kifua chekundu, pamoja na yule ndege mweusi mwenye mdomo wa njano. Huna haja ya kwenda mbali. Fungua dirisha, jifunge blanketi, keti gizani. Sauti zitaanza moja, mbili, kisha hutaweza kuzihesabu.

Umri huanza kutuibia sauti nyembamba. Nyimbo za ndege wadogo kabisa zinaweza kutoweka kabisa masikioni, na mtu akadhani ndege wamepungua. Kama una kifaa cha kusikia, kivae asubuhi hiyo, hata kama hakuna mtu wa kuzungumza naye. Kama huna na unahisi dunia imekuwa kimya, nenda ukapimwe masikio mwezi huu. Programu ya simu iitwayo Merlin, ya Cornell Lab of Ornithology, taasisi ya Marekani inayochunguza ndege, ni ya bure na husikiliza sauti za ndege kisha ikaonyesha majina. Mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea. Sasa mimi ndiye ninayemwambia jina kabla simu haijasema.

Halafu kuna mbayuwayu. Msomaji uliye Afrika umewaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme. Mwili wake mzima una uzito wa gramu 20 hivi, na huvuka Sahara kurudi kuzaliana kaskazini. Kufika kwao hutofautiana, wa kwanza Machi, wengi Aprili. Ukimwona wa kwanza, andika tarehe kwa herufi kubwa.

Dirishani na kwenye udongo

Hata siku usizoweza kutoka, machipuko yanaweza kuletwa ndani. Kata matawi machache ya forsithia, kile kichaka cha maua ya njano, au ya mcheri pale vichipukizi vinapovimba, ukate mshazari, uyatie kwenye maji ya uvuguvugu, mahali penye mwanga na pasipo moto wa kupitiliza. Badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Kati ya wiki moja na tatu utakuwa na maua mezani huku nje bado kumekauka. Mierebi nayo hufaa kwa yale manyoya yake ya fedha.

Mbegu ni raha nyingine kubwa. Uliza wenyeji baridi kali ya mwisho huja lini, kisha hesabu nyuma wiki sita hadi nane: hapo ndipo nyanya hupandwa ndani, kina cha nusu sentimita hadi moja, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25. Zikishaota punguza joto na uongeze mwanga, la sivyo hurefuka zikawa nyembamba. Geuza trei kila siku. Na kila asubuhi pitisha kiganja juu ya miche taratibu, kama unayempapasa mtoto kichwa. Mguso huo huifanya miche ifupike na kunenepa shina, sawa na inavyofanywa na upepo. Naupenda kuliko kazi zote za bustani.

Vidole vyenye baridi yabisi havishindani na mbegu ndogo. Lowesha ncha ya kijiti cha meno, gusa mbegu, itanata, ishushe kwenye udongo. Mbegu za vumbivumbi changanya na mchanga mkavu ndipo umwage. Au chagua zenye mwili: njegere, maharage, alizeti. Mbegu za saladi hupenda mwanga, hivyo zifunike kidogo sana.

Nje usikimbilie jembe. Chukua udongo kiganjani, ufinyange. Ukibaki donge lenye kung'aa, bado umelowa, na kuukanyaga sasa ni kuushindilia kwa mwaka mzima. Ukivunjika kwa kidole, anza. Njegere na spinachi huota udongo ukiwa na nyuzi 7 hivi, kwa hiyo hizo zinaweza kutangulia. Maharage na nyanya hapana.

Fanya kazi robo saa, kisha simama unyooke, kisha badilisha kazi: robo saa ya kupalilia, robo saa ya kupogoa. Piga magoti juu ya mto mnene, kiti kikiwa karibu cha kuinukia. Vaa glavu, na umuulize daktari kama chanjo yako ya pepopunda bado iko hai. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo, na mwiba mdogo unatosha kuviingiza. Wazee wengi hawakumbuki mara ya mwisho walipochanjwa.

Jioni, kwa ufupi

Giza likiingia kabisa, mwezi Machi, tazama magharibi. Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizosongamana, bado kipo, na kundi la nyota la Orion liko kusini-magharibi na nyota zake tatu za mstari mmoja. Kila wiki utavikuta chini zaidi saa ileile, na ikikaribia mwisho wa Aprili Kilimia kinazama kwenye mwanga wa machweo. Nayo haitasubiri joto. Dakika tano zinatosha. Shika kitu ukitazama juu, maana kichwa kikirudi nyuma mizani hupungua.

Mwenzako asiyetaka kutoka

Wengi mtakuwa na rafiki au ndugu anayesema, "Tutatoka kukishapata joto." Nimezungumza na wanawake wa aina hii wodini na mitaani, na nawapenda. Mara nyingi nyuma ya baridi kuna hofu: ya kuanguka, ya kukosa choo njiani, ya kuchelewesha wengine. Usimhimize kwa maneno ya jumla. Mpe saa na mahali: "Kesho saa tano na nusu nitakuwa mlangoni kwako, tunakaa kwenye benchi lenye ukuta, dakika 20, nakurudisha." Mweleze choo kiko wapi. Mpe fimbo yako moja. Tembea kwa mwendo wake, upande wa barabara yenye magari uwe wako. Siku ya kwanza msifike mbali, hata kama mwenyewe anataka. Mkirudi mwambie mtatoka tena keshokutwa, saa ileile, na umwachie kile kioo kidogo aje nacho.